Mbuzi wa Bega la Nkirote

Kangeta ina watu wengi wanaojua kufunga miraa, lakini anayejua kukata jani la mgomba likashuka zima, bila kuchanika hata ukingoni, si kila mtu. Nkirote alikuwa anajua. Wachumaji walipokuwa bado juu ya miti yao asubuhi, yeye alikuwa migombani na ufito wake mrefu uliofungwa kisu kwenye ncha, mkono wa kulia umenyooka kupita kichwa, jicho moja limefumbwa, analenga shina la jani. Alikata mara moja tu. Jani lilishuka taratibu, akalidaka kabla halijagusa chini, akalilaza kivulini linyauke kidogo ili lisipasuke likikunjwa.

Akifika sokoni na mzigo wake, wafungaji wa miraa walimwita kabla hajautua.

"Mama Ntinyari, leta huku! Usimpe huyo, huyo hulipa kwa hadithi!"

Walimwita kwa sababu miraa iliyofungwa kwenye jani lililochanika hufika Nairobi imekauka kama nyasi za paa, na mnunuzi hukutupia maneno badala ya pesa.

Mkono huo wa kulia ndio uliomlisha mumewe, Muthamia, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na wazee na kusema atafanya kazi kesho. Ndio uliomsomesha binti yao wa pekee, Ntinyari, mpaka akafungua saluni mjini Meru. Nkirote mwenyewe hakusoma. Babake alimtoa shuleni kabla hajajua kuandika jina lake, akamkabidhi mbuzi wa kuchunga. Mambo ya mbuzi aliyajua tangu utotoni.

Mwaka mmoja, mvua zilipokuwa nyingi, alikanyaga msumari wenye kutu. Mguu ulifura. Majirani walimwambia asicheze na msumari, aende akadungwe sindano ya pepopunda. Akaenda kwa Muturi.

Muturi alikuwa mtu wa pande za Runyenjes, lakini alikuwa amehamia Kangeta zamani, akaoa huko, akajua Kimeru kuliko baadhi ya wenyeji. Alikuwa amejenga kliniki ya vyumba vitatu kando ya soko. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na Jumapili alizungusha kapu la sadaka akiwa amevaa lile lile koti jeupe la kliniki, watu wasije wakasahau yeye ni nani.

Siku hiyo Muturi hakuwepo. Aliyekuwepo ni Beverlyne, binti wa dadake, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea pesa na kuita majina. Alikuwa anatafuna chingamu, na simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Daktari yuko wapi?" Nkirote akauliza.

"Ameenda mazishi. Unataka nini, mama?"

"Nimekanyaga msumari."

"Hiyo ni sindano tu. Keti hapo."

Hapo palikuwa kigoda kifupi karibu na mlango. Mlango ulikuwa wazi, na nje kwenye benchi walikuwa wameketi wanaume wenye mashavu yaliyojaa miraa, wanatazama ndani kama watu wanaotazama televisheni. Nkirote alikuwa amevaa sweta ya mikono ya kubana, na chini yake gauni la mikono mirefu. Aliona haya kuvua mbele ya macho hayo. Beverlyne naye hakuwa na haja ya kungoja. Alivuta shingo ya sweta upande mmoja mpaka ncha ya bega ikachungulia, akasimama juu yake, akamwambia mtu wa kwenye simu, "Hebu ngoja kidogo, usikate," kisha akashusha sindano kutoka juu, pale pale kwenye ncha.

Nkirote akasikia sindano inagonga kitu kigumu ndani. Akashtuka.

"Mbona juu hivyo?"

"Mama, kwani wewe umesomea?" Beverlyne akacheka, na wale wa kwenye benchi wakacheka naye. Akaitupa sindano kwenye ndoo iliyokuwa na pamba za jana na maganda ya ndizi, nzi wakainuka, wakatua tena. Nkirote alilipa, hakupewa risiti, akaenda nyumbani.

Mguu ulipona. Bega halikupona.

Mwanzoni alidhani ni yale maumivu ya sindano ambayo kila mtu huyajua. Lakini yalizidi kila siku. Ilifika asubuhi akasimama chini ya mgomba, akainua ufito, na mkono ukakataa ulipofika usawa wa kifua. Akausukuma kwa mkono wa kushoto. Akalia kwa sauti, peke yake, ndege wakaruka.

Akarudi kliniki. Safari hii Muturi alikuwepo. Alimtazama bega bila kuligusa.

"Sindano ni kitu kidogo hivi," akasema, akionyesha kwa kucha ya kidole. "Wewe unabeba mizigo ya majani kila siku ya Mungu, halafu unalaumu sindano? Hiyo ni uzee, mama."

"Nimezeeka mkono mmoja?" Nkirote akauliza. "Na huu mwingine nilizaliwa nao lini?"

Muturi hakucheka. Alimwuzia tembe za maumivu akamwambia aombe.

Akajaribu kukata kwa mkono wa kushoto. Majani yalishuka yamechanika vipande vipande. Akayapeleka hivyo hivyo, maana hakuwa na mengine. Kijana mmoja mfungaji alilichukua jani moja, akalitikisa mbele ya wenzake.

"Mama Ntinyari, siku hizi unauza mafagio?"

Soko lilicheka. Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena. Aliketi na mzigo wake mpaka majani yakawa meusi, akawapa wenye ng'ombe. Nyumbani alishindwa kufunga kitambaa kichwani, akashindwa kujisugua mgongo, akashindwa kugeuka kitandani bila kuamka. Muthamia alilalamika kwamba anamsumbua usingizi.

"Lala vizuri, wewe. Mtu akilala vizuri haumwi."

Aliposema hivyo meno yake yalikuwa ya kijani, na mate ya miraa yamekauka kwenye pembe za mdomo. Nkirote alitazama ule mdomo, akashangaa jinsi alivyoweza kuulisha miaka yote ile bila kuutazama.

Ntinyari alipokuja nyumbani kumwona, alimkuta mamake ameinamisha kichwa ndani ya karai, anaosha nywele kwa mkono mmoja, sabuni imeingia machoni. Hakuuliza mengi. Kesho yake alimpeleka Meru kwa daktari wa mifupa.

Daktari huyo alikuwa mtu mzima mpole. Alilishika lile bega kila upande, akamwuliza sindano iliingilia wapi. Nkirote akamwonyesha kwa kidole. Akapigwa picha, na daktari akaiweka kwenye mwanga.

"Dawa haina kosa, mama," akasema. "Chanjo ile uliihitaji, na ukiumia tena utaihitaji tena. Kosa ni mahali. Sindano huingia kwenye nyama ya mkono, hapa, chini ya mfupa. Yako iliingia juu, kwenye kiungo chenyewe, ikakiwasha. Ungetibiwa mapema ingekuwa rahisi. Sasa kiungo kimeganda."

"Si uzee?"

"Uzee haungechagua pale palipodungwa."

Huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwamini, na Nkirote aliona aibu kwamba machozi yalimtoka mbele ya mtu asiyemjua. Alifanyishwa mazoezi ya kiungo wiki baada ya wiki. Mkono ukakubali kufika begani. Kupita hapo, daktari akasema, asitegemee.

Ndipo Ntinyari akampeleka kwa wakili aliyekuwa anasukwa nywele kwenye saluni yake, mama mmoja aliyeitwa Gatwiri. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Gatwiri alisikiliza yote, kisha akauliza, "Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka aseme."

"Aseme nini?"

"Kwamba mkono huu uliuawa kwake, kwa sindano yake. Aseme mahali ambapo watu wanasikia. Fidia itakuja nyuma ya hilo."

"Mahakama haiwezi kumfungua mtu mdomo," Gatwiri akasema. "Ila inaweza kuamua."

"Basi iamue."

Wakili aliandikia kliniki. Jibu lilipokuja, Ntinyari alimsomea mamake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Muturi alisema hamjui mwanamke huyo kama mgonjwa wake. Alisema siku hiyo kliniki ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mazishi. Alisema hakuna mtu aliyedungwa sindano.

Nkirote alitoka nje akatema mate.

Na Jumapili iliyofuata, mtu huyo huyo asiyemjua alipita na kapu la sadaka, akalisimamisha mbele yake, akatabasamu. "Bwana asifiwe, mama Ntinyari. Bega linaendeleaje?" Koti lake lilinuka marashi na dawa. Nkirote alitoa sarafu kwa mkono wa kushoto, maana kapu alilishika juu, na wa kulia haukulifikia.

Kesi ilifunguliwa. Habari zikaenea Kangeta yote kwamba mwanamke wa majani amemshtaki daktari. Wengine walisema ana kichaa, wengine walisema anatafuta utajiri, na akina mama wa kanisa walimwambia kwamba mzee wa kanisa hapelekwi kwa hakimu, huombewa. Nkirote hakuiondoa kesi. Alingoja tarehe.

Sasa, kule Igembe, eneo la Kangeta, kuna jambo ambalo kila mtoto analijua. Mtu akimkosea mwenzake, anaweza kuleta mbuzi. Wazee wanakaa, mkosaji anataja kosa lake, mbuzi anachinjwa, na wote wanaonja, pamoja na aliyekosewa. Kesi iliyoliwa hivyo imekufa. Haisemwi tena sokoni wala popote, na anayeifufua anaonekana mtu mbaya kuliko aliyekosa.

Muturi alilijua jambo hilo vizuri. Alilifanyia hesabu zake mwenyewe. Wakili wake alikuwa mtu wa kutoka Nairobi, na Muturi hakumwambia neno. Alikwenda kwa Muthamia kwa siri.

Siku waliyopatana, Nkirote alikuwa ameenda kuteka maji. Aliporudi alikuta moshi nyuma ya nyumba na mbuzi mnene mweusi amefungwa kwenye mgomba, anakula majani. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye viti vyake. Katikati yao aliketi Muturi na suti, na pembeni alisimama Beverlyne na simu mkononi, anapiga video, kwa sababu mjomba wake alitaka ushahidi kwamba kesi imeliwa.

Mzee Murithi, aliyekuwa mkubwa wa kikao, aliuliza, "Mwenye bega yuko wapi?"

"Mwenye bega ni mke wangu," Muthamia akajibu, "na mke wangu ni wangu. Endeleeni."

Nkirote alisimama na mtungi wa maji kwenye mkono wa kushoto. Hakuna aliyemgeukia.

"Haya, Muturi," Mzee Murithi akasema kwa Kimeru. "Mbuzi huyu ni wa nini?"

"Ni wa undugu, mzee."

"Undugu hauletewi mbuzi. Mbuzi asiye na jina hachinjwi hapa. Taja."

Muturi aliwatazama wazee, akaitazama simu ya Beverlyne, akatazama kisu ambacho Mutwiri, nduguye Muthamia, alikuwa amekishika tayari. Kama asingetaja, mbuzi angerudi nyumbani na kesi ingebaki hai. Akajikohoza.

"Ni wa bega la mama Ntinyari. Liliumizwa na sindano. Kwangu kliniki."

"Rudia. Wengine hapa masikio yao ni ya zamani."

"Bega la mama Ntinyari!" Muturi akasema kwa nguvu, uso umemwiva. "Liliumizwa na sindano kwenye kliniki yangu, nami nasema nimekosa."

"Sawa. Chinja."

Nkirote alisikia maneno yale kwa masikio yake mawili. Ndiyo yale aliyoyataka. Alikuwa ameyatamani usiku na mchana, na sasa yalisemwa migongo ya wanaume ikiwa imemwelekea, yakasemwa kwa mbuzi, ili yasije yakasemwa tena.

Walikula. Walikula kama watu walioshindwa na njaa ya mwaka mzima. Mafuta yaliwatiririka mpaka kwenye viwiko, wakayapangusa kwenye majani ya migomba yake. Mzee mmoja alikuwa anafyonza mfupa na macho yamefumbwa. Muthamia alicheua, akalegeza mshipi, akacheua tena. Nzi walitua kwenye vinywa vyao na hakuna aliyejali kuwafukuza. Yeye alikuwa anatazama kutoka mlangoni mwa jiko, na kila taya iliyotafuna aliisikia inatafuna bega lake.

Kisha Mutwiri akaja na sinia. Juu yake kulikuwa na mguu mzima wa mbele wa yule mbuzi, kutoka bega mpaka kwato.

"Shemeji," akasema, sauti ya kutosha wote wasikie, "si ulisema mkono wako umekufa? Haya, Muturi amekuletea mwingine."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika barabarani. Muturi mwenyewe alicheka, halafu akafunika mdomo kwa leso. Beverlyne alisogea karibu na simu, ampate vizuri akionja.

Nkirote aliuchukua mguu ule kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito na bado wa moto. Alipita katikati ya viti, mbele ya Muturi, mbele ya mumewe, mpaka pale mbwa wao alipokuwa amelala, akautupa mbele yake. Mbwa hakuamini bahati yake. Alimtazama Nkirote, akautazama mguu, akaudaka, akakimbia nao migombani.

Vinywa viliacha kutafuna.

"Wewe mwanamke," Mzee Murithi akasema polepole, "umefanya nini?"

"Nimempa mwenye njaa. Mimi sina."

"Kesi imekwisha!" Muthamia akaruka juu, mshipi umelegea, suruali ameishika kwa mkono. "Imeliwa! Mimi nimekula kwa niaba yake!"

"Kama umekula kwa niaba yangu," Nkirote akamwambia, "basi uumwe kwa niaba yangu. Anza leo."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nje walibishana kidogo, halafu akasikia vinywa vinarudi kazini. Nyama ilikuwa bado nyingi.

Tangu siku hiyo Muthamia alijipikia, au alikula kwa ndugu zake. Alimwamuru aondoe kesi, akamtisha kumrudisha kwao, na Nkirote akamwuliza ni nani atamlisha yeye atakapobaki peke yake. Barabarani watu walimwambia ana roho ngumu. Hata wale waliojua kwamba hakuonja walisema ni bora angeonja tu kidogo, ingemgharimu nini. Usiku alilala upande wa kushoto, akikumbuka sauti ya Muturi ikitaja bega lake, na akaogopa kwamba hatakuja kuisikia tena.

Siku ya kesi ikafika. Wakili wa Muturi alisimama na viatu vinavyong'aa, akaeleza kwa ufasaha kwamba mteja wake hakuwahi kumdunga mama huyu. Beverlyne akaapa kwa Biblia kwamba siku ile alikuwa amefunga mlango, akaenda sokoni kununua viazi. Chingamu alikuwa ameibandika nyuma ya jino. Nkirote aliiona alipofungua mdomo kuapa.

Kisha yule wakili akatabasamu.

"Na hata kama lingekuwepo jambo lolote, Mheshimiwa, limekwisha kusuluhishwa kwa mila za hapa. Mlalamishi alipokea mbuzi, wakala, wakamaliza. Tuna video. Mteja wangu amenipa mwenyewe."

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, mgeni katika sehemu hizo. Akaruhusu video ionyeshwe kwenye kompyuta ya mahakama.

"Tunaweza kuruka mwanzo," wakili akasema. "Ni mazungumzo ya wazee tu. Sehemu muhimu ni ya kula."

"Wanasema nini hapo mwanzo?" hakimu akauliza.

"Ni salamu, Mheshimiwa. Mimi Kimeru sikijui, lakini ni salamu."

Muturi alikuwa ameanza kutokwa jasho. Alimvuta wakili wake koti kwa nyuma, na wakili akautoa ule mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Karani," hakimu akasema, "tafsiri kuanzia mwanzo."

Karani wa mahakama alikuwa mtu wa hapo hapo. Alisimama, akasikiliza, akatafsiri bila kubadilisha uso. Mbuzi huyu ni wa nini. Ni wa undugu. Mbuzi asiye na jina hachinjwi. Ni wa bega la mama Ntinyari. Liliumizwa na sindano. Kwangu kliniki. Rudia. Bega la mama Ntinyari. Nimekosa.

Gatwiri hakuinuka hata kidogo. Alikuwa ameweka kalamu chini.

Hakimu alivua miwani. "Wakili," akasema, "umeniambia asubuhi hii kwamba hakuna sindano. Sasa nieleze, huyu mbuzi alikufa kwa ajili gani?"

Wakili alimgeukia Muturi. Muturi alikuwa anatazama sakafu. Alisema kwa sauti ndogo, kwa Kimeru, kwamba kesi iliyoliwa haifufuliwi, kila mtu anajua, na karani akatafsiri hilo nalo ingawa hakuna aliyemwomba.

Video iliendelea kucheza. Sinia likaja, kicheko kikasikika, uso wa Nkirote ukajaa kwenye kioo, kisha mgongo wake, kisha mbwa akipita mbio na mguu wa mbuzi mdomoni.

"Mama," hakimu akamwuliza Nkirote, "wewe ulikula nyama hiyo?"

Nkirote alisimama.

"Aliyekula sehemu yangu anaonekana hapo, Mheshimiwa. Ana mkia."

Watu walicheka mpaka askari akagonga meza. Nkirote hakucheka. Alikuwa anamtazama Muturi, na alichoona hakikuwa aibu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyetoa mbuzi bure.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi. Ilikuwa kwa Kiingereza, ndefu, na Nkirote hakungoja imalizike. Alimshika Ntinyari mkono.

"Hakimu amesema ni sindano?"

"Amesema, mama. Amesema ilidungwa kliniki, na mtu asiye nesi, mahali pasipofaa. Muturi atakulipa fidia."

"Rudia."

Ntinyari akarudia.

Muturi alisema atakata rufaa, kisha wakili wake akamshauri asijaribu. Akalipa kidogo kidogo, kwa kukumbushwa. Koti jeupe bado anavaa Jumapili, na kapu bado anazungusha, ila safu ya Nkirote huiruka. Beverlyne alipelekwa kufanya kazi kwa mjomba mwingine, Siakago. Nkirote alisikia kwamba huko ni kliniki pia, akamwomba Gatwiri awaandikie wenye kliniki hiyo. Gatwiri akaandika. Mjukuu wa Nkirote alipozaliwa, yeye ndiye aliyembeba kwenda chanjo kwenye hospitali ya serikali, akasimama juu ya nesi na kumtazama mikono mpaka nesi akamwuliza, "Shosho, kuna shida?"

"Hakuna. Endelea. Nataka tu kuona mahali."

Nyumbani, wiki ile ya hukumu, alirudi kutoka Meru akakuta moshi nyuma ya nyumba. Muthamia alikuwa amechinja jogoo, wa Nkirote, na wazee walikuwa kwenye viti vile vile. Mzee Murithi alisimama, akamwamkia kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Tumekuja kukupongeza, mama Ntinyari. Ukoo wetu umeshinda."

"Ukoo upi?"

Mutwiri aliingilia kati, mdomo tayari una mafuta. "Shemeji, usiwe hivyo. Sisi tulikusaidia. Bila ile mbuzi, video ingetoka wapi? Kama hatungekula, ungemshindia wapi Muturi? Kwa hivyo fidia ikikuja, ukumbuke watu."

Na kilichomchukiza zaidi ni kwamba palikuwa na ukweli ndani yake. Ule ukweli alioufuata mpaka Meru na mpaka kwa hakimu, aliupata kwa sababu watu hawa walikuwa walafi. Aliyatazama yale mataya, meno ya kijani, vidole vinavyong'aa. Muthamia alikuwa amemwekea paja la jogoo kwenye sahani nzuri, ile ya wageni, akamsogezea kwa mikono miwili.

"Onja, mke wangu. Onja yaishe."

Nkirote aliifunika sahani ile kwa jani la mgomba.

"Kuleni," akasema. "Kazi hiyo mnaijua."

Akachukua kisu, si kile cha ufito mrefu, bali kifupi cha jikoni, akaenda migombani ambako kulikuwa na migomba michanga ambayo majani yake yalipita begani kidogo tu. Mkono wa kulia uliinuka mpaka pale unapoinukia, ukasimama. Akakata kwa wa kushoto. Jani likaanguka limechanika katikati. Aliliokota, akalitazama, akaliweka kando kwa ajili ya ng'ombe wa majirani, akashika lingine.